Brauni Zimekataa: Tazama Ubavu wa Kipande Kabla ya Kulaumu Oveni

Brauni zinazozungumzwa hapa ni zile nzito, zenye unyevu, zinazonata kidogo kwenye meno, na juu zina ngozi nyembamba inayopasuka ukiibonyeza kwa kidole. Keki ya chokoleti iliyokatwa vipande vya mraba ni kitu kingine. Nacho kitamu, lakini leo hatukitaki. Tabu ni kwamba kutoka kwenye brauni hadi kwenye keki ni hatua fupi mno: vijiko vitatu vya unga vilivyozidi, sukari iliyopunguzwa kwa huruma, dakika sita za ziada motoni. Mpishi anafuata kila kitu, anatoa trei, anakuta keki.

Kabla hujabadilisha chochote, acha trei ipoe kabisa, saa mbili au zaidi, halafu kata kipande cha katikati ukitazame ubavuni. Brauni ya moto haitoi ushahidi wowote. Siagi, pamoja na siagi ya kakao iliyomo ndani ya chokoleti, bado ni kimiminika, kwa hiyo hata iliyoiva barabara huonekana mbichi. Wengi huirudisha ovenini palepale, na hapo ndipo wanapoiua. Ikishapoa, ubavu unasema. Vitundu vingi vya duara ni hewa au unga. Pumba kavu zinazodondoka ni muda. Utando wa mafuta unaobaki kwenye kisu ni rojo lililokatika. Ukanda mweusi mzito chini na keki nyepesi juu ni rojo ambalo halikuchanganyika vizuri, au moto wa chini uliokuwa mdogo.

Kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua kilichozidi kama hujui kilichotakiwa. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, vipimo vyangu ni hivi: chokoleti nyeusi ya asilimia 60 hadi 70 gramu 170, siagi gramu 115, sukari gramu 240, mayai matatu ya kisasa, unga wa ngano gramu 85, kakao gramu 25, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha vanila. Oveni nyuzi 175, dakika 25 hadi 30. Hakuna beking pauda, hakuna magadi soda, hakuna maziwa. Kama huna trei ya mraba, ya duara yenye kipenyo cha sentimita 22 au 23 inabeba karibu kiasi kilekile.

Angalia uwiano. Unga ni kama theluthi tu ya sukari, na chokoleti pamoja na siagi ni zaidi ya mara tatu ya unga. Mkono uliozoea keki ya unga nusu kilo, sukari robo na majarini robo unaliona rojo hili unadhani unga umesahaulika, na unaongeza "kidogo tu". Usiongeze. Rojo la brauni linatakiwa lidondoke kutoka kwenye mwiko polepole, kwa utepe mzito unaong'aa, na lisitandae lenyewe mpaka pembe za trei, ulisukume wewe.

Halafu kuna suala la vikombe. Brauni asili yake ni Marekani, na maelekezo mengi ya mtandaoni yanatoka huko, ambako kikombe ni kipimo maalumu cha mililita 240 hivi. Kikombe cha chai cha nyumbani kwako hakijui habari hiyo. Kinaweza kubeba mililita 180, au kikawa kile kikubwa cha ugeni kinachobeba 300. Hata ukiwa na kikombe chenyewe cha kupimia, unga ukiuteka kwa kijiko ukaumwagia polepole unapata gramu 120. Ukichota moja kwa moja kwenye mfuko na kushindilia, unapita 150. Kwenye keki ya kawaida tofauti hiyo haionekani sana. Kwenye brauni ndiyo kila kitu. Ukikutana na "fimbo" ya siagi ya Kimarekani, ni gramu 113. Ukikutana na nyuzi 350, ni za Farenhaiti, yaani 177 za Selsiasi. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza nusu ya matatizo yote yatakayofuata hapa chini, na sitairudia tena.

Zimetoka keki

Hili ndilo lalamiko kuu. Ubavuni kuna vitundu, kipande ni chepesi mkononi, kinakwama kooni bila chai.

Anza na pakiti ya unga. Madukani upo unga uliochanganywa na beking pauda tangu kiwandani, na pakiti yake inafanana sana na ile ya unga wa kawaida. Huo hauna kazi hapa. Kama pakiti iko sawa, angalia jinsi ulivyokoroga baada ya unga kuingia. Unga ukiingia, weka pembeni mashine, chukua mwiko bapa, kunja rojo kutoka chini kuja juu mpaka michirizi myeupe ipotee, basi. Kuendelea kukoroga kunaamsha nguvu ya ngano, ileile tunayoitafuta tunapokanda chapati, na matokeo yake ni brauni inayovutika kwa namna isiyopendeza.

Hewa inaingia pia kwenye mayai. Hapa kuna mvutano wa kweli, kwa sababu ngozi ya kung'aa inahitaji mayai na sukari vipigwe, na ulaini mzito unataka hewa iwe kidogo. Suluhu yangu ni kupiga mayai na sukari kwa mashine dakika tatu au nne, mchanganyiko upauke na uwe mzito kiasi, lakini usifikie kujaa povu kama wa keki ya sponji. Kisha mimina chokoleti na siagi zikiwa za uvuguvugu na ukoroge kwa mkono. Uzito wa chokoleti unaangusha povu lililozidi.

Sababu ambayo watu hawaishuku ni sukari. Mtu anaona gramu 240, anashtuka, anaweka 120. Anasema ni kwa ajili ya afya, na nia ni njema. Lakini sukari kwenye brauni haifanyi kazi ya utamu peke yake. Inashika maji yasikauke, na inachelewesha mayai kukaza. Ukiikata nusu, mayai yanakaza mapema, maji yanaondoka, na umebaki na mkate wa kakao. Ukitaka kupunguza, ondoa gramu 30 au 40, usivuke hapo, na badala yake tumia chokoleti yenye asilimia kubwa zaidi ya kakao na usiogope chumvi. Kama hata hivyo ni tamu mno kwako, kata vipande vidogo. Brauni ni chakula cha kipande kimoja na kahawa chungu.

Maziwa je? Yapo maelekezo yanayoyaweka. Kwa brauni nzito yaache. Rojo likiwa gumu kukoroga, pasha bakuli kidogo juu ya mvuke, usiongeze kimiminika.

Ni kavu, zinapukutika

Kama vipimo vilikuwa sawa, zilikaa motoni kupita kiasi. Kosa liko kwenye kijiti. Tumefundishwa kwamba kijiti kikitoka kikavu keki imeiva, na kwa keki ni kweli. Kwa brauni, kijiti kikavu katikati kina maana umechelewa. Chomeka sentimita tano kutoka ukingoni: kitoke na pumba chache zenye unyevu zilizoshikamana. Chomeka katikati kabisa: kitoke kimepakaa pumba nzito, lakini kisitoke na rojo linalotiririka. Ukitikisa trei, kingo zisimame na katikati patikisike kidogo sana. Toa. Joto lililomo ndani ya trei litaendelea kupika kwa dakika kadhaa baada ya hapo, na mafuta yatakapoganda kipande kitakaza chenyewe. Ukiwa na kipimajoto cha kuchomeka, katikati ikisoma kati ya nyuzi 80 na 88 ni wakati.

Angalizo: kama umetia vipande vya chokoleti ndani ya rojo, kijiti kinaweza kupita kwenye kipande kilichoyeyuka na kukudanganya. Chomeka mahali pengine.

Kuna ujanja wa kuusimamisha moto ghafla. Trei ya chuma au ya alumini ikitoka tu, iweke juu ya sinia lenye maji baridi yenye kina cha sentimita moja au mbili, yasiingie ndani. Mapishi yanakoma pale pale na katikati panabaki pazito. Usijaribu hili kwa chombo cha kioo, kitapasuka.

Zilizokwisha kukauka hazirudi. Zivunjevunje juu ya aiskrimu, hakuna atakayeuliza.

Juu hazing'ai

Ngozi ile nyembamba ya kung'aa ni sukari na ute wa mayai. Sukari ikiyeyuka kabisa ndani ya mayai, baadhi yake hupanda juu na kukauka kama utando. Isipoyeyuka, juu panabaki pakavu, pasipo mng'ao, pengine na vidoa vidogo.

Kwa mpishi wa Afrika Mashariki chanzo cha kwanza ni sukari yenyewe. Sukari yetu ya dukani ya kila siku, ile yenye rangi ya udongo mwepesi, ina chembe kubwa. Ukiitia kwenye mayai na kupiga dakika mbili, chukua tone la mchanganyiko ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: utasikia mchanga. Huo mchanga ndio unaokunyima mng'ao. Isage sukari kwenye blenda sekunde 20 hivi mpaka iwe laini, isifikie vumbi. Ile sukari ya unga ya kupambia keki haifai kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi huwa imechanganywa na wanga wa mahindi. Baada ya kusaga, piga na mayai yaliyokaa nje ya friji, kisha sugua tena vidoleni. Ukisikia chembe, endelea.

Njia nyingine, kama huna blenda: tia sukari kwenye siagi na chokoleti zikiwa bado za moto, koroga dakika moja, acha dakika tano, koroga tena, ndipo utie mayai moja moja ukipiga kwa nguvu. Joto litakusaidia kuyeyusha. Sukari haiyeyuki yote, lakini nusu ya kazi imekwisha.

Zipo sababu ndogo pia. Rojo likikaa bakulini nusu saa kabla ya kuokwa, juu panakuwa pazito pasipo mng'ao. Na ukioka ndani ya sufuria lililofunikwa bila makaa juu, mvuke unagonga kifuniko na kudondoka juu ya brauni; hapo hakuna ngozi itakayotokea hata upige mayai mpaka kesho.

Pembeni makaa, katikati uji

Hapa ndipo oveni inapostahili lawama, au tuseme moto wowote unaotumia.

Oveni nyingi za majiko ya gesi zina moto wa chini tu, na kitasa chake hakina nyuzi. Kina alama za kukisia. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani si ghali, na kitakufunulia mengi. Ukikikosa, kuna kipimo cha jikoni cha kukadiria: sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko chake juu ya kipande cha foili katikati ya oveni ambayo unaamini iko kwenye 175, subiri dakika 15. Ikiwa imeyeyuka, oveni yako ina moto kuliko unavyodhani, shusha. Ikibaki punje, panda kidogo kidogo mpaka ujue mpaka uko wapi, uweke alama kwenye kitasa kwa kalamu ya wino wa kudumu.

Kwa oveni ya moto wa chini, washa dakika 20 kabla, weka trei ya brauni rafu ya katikati, na trei tupu rafu ya chini yake ili kuzuia moto usiipige moja kwa moja. Geuza trei ikifika nusu ya muda. Kama oveni ina feni, shusha nyuzi 20.

Kisha angalia chombo. Kioo kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa, hivyo kingo zinaendelea kukauka mezani wakati umeshakaa kunywa chai. Trei nyeusi inavuta moto kuliko ya alumini ya rangi ya fedha. Na ukimimina kipimo cha trei ya 20 kwenye trei ndogo zaidi, kina kinaongezeka na katikati hapafikiwi. Rojo lisipite unene wa sentimita tatu. Ukikuta kingo zinaanza kuchoma na katikati bado kabisa, funika juu kwa foili, shusha moto hadi nyuzi 150, uvumilie dakika kumi nyingine.

Wanaooka kwa mkaa wana kosa lao la kipekee, nalo ni moto mwingi chini. Waokaji wa pwani wanaopika mkate wa kumimina wanajua siku nyingi kwamba moto wa juu ndio unaomaliza kazi: chini makaa machache, juu ya kifuniko unapalia mengi. Brauni inafuata sheria hiyohiyo, kwa ukali zaidi, kwa sababu chokoleti na sukari vinaungua upesi. Chukua sufuria zito lenye kifuniko bapa, mwaga mchanga mkavu au chumvi ya mawe unene wa vidole viwili, weka kipande cha chuma cha kuegeshea trei au kifuniko kidogo kilichogeuzwa, pasha dakika kumi na kifuniko kikiwa juu, ndipo ushushe trei. Toa makaa ya chini ubakize ya kuhesabika kwenye mkono, na palia juu sawasawa, pembeni kuliko katikati. Usifunue kabla ya dakika 20. Ukisikia harufu ya kahawa iliyokaangwa ni kawaida. Ukisikia harufu kali ya sukari iliyoungua, chini kumezidi, ondoa makaa upesi. Kwa kuwa kifuniko kina moto, mvuke haudondoki, na ngozi ya juu inatokea vizuri kuliko kwenye oveni nyingi za gesi. Kwa maoni yangu, mkaa ukiujua unazishinda oveni ndogo za mezani.

Kama zimepoa ukakata ukakuta rojo bichi, usile kwa kujifariji. Kuna mayai na unga mbichi humo. Rudisha trei kwenye nyuzi 160, imefunikwa foili, dakika 10 hadi 15.

Mafuta yanaelea juu, au kisu kinatoka kimelowa

Rojo limekatika, yaani mafuta yameachana na vingine. Utaliona hata kabla ya kuoka: badala ya kung'aa laini, linaonekana kama lina chembe, na pembezoni mwa bakuli kuna mchirizi wa mafuta. Mara nyingi ni kwa sababu siagi na chokoleti vilikuwa vya moto sana, na mayai yametoka friji dakika hiyohiyo. Bado kuna tiba: tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya moto, koroga kwa nguvu katikati ya bakuli ukipanua duara polepole. Likikataa, ongeza kiini cha yai. Kiini ndicho kinachofunga mafuta na maji pamoja.

Hilo linatuleta kwenye mayai ya kienyeji. Ladha yake siipingi, lakini ni madogo. Matatu ya kisasa bila maganda yanatoa kama gramu 150. Matatu ya kienyeji yanaweza kuishia 110. Mafuta ni yaleyale, kifungio kimepungua. Weka manne, au pima.

Sababu ya tatu ni majarini. Baadhi ya majarini za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo yanapotoka mvuke yanaacha rojo lisilo na mwili, lenye mafuta yanayoteleza mdomoni na kuganda kwenye kaakaa. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo. Samli, kinyume chake, ni mafuta karibu matupu. Ukiitumia badala ya siagi, weka gramu 95 na kijiko kimoja cha chakula cha maji. Inatoa harufu nzito ambayo mimi naipenda na chokoleti, ila wapo wasioitaka kabisa.

Chokoleti imeshikana donge bakulini

Tone la maji limeingia. Kijiko chenye unyevu, mvuke uliopanda kutoka sufuria la chini, basi: maji kidogo yanafanya chembe za sukari na kakao zishikane, na chokoleti iliyokuwa inatiririka inakuwa udongo. Ajabu yake ni kwamba dawa ni maji zaidi, au siagi. Kwa gramu 170 tia vijiko vitatu vya chakula vya maji ya moto, kimoja kimoja, ukikoroga. Itarudi laini na kwa brauni itafaa, ingawa haifai tena kwa kupambia. Kama ina punjepunje na harufu ya kuungua, imeungua kweli, tupa.

Kuzuia ni rahisi: yeyusha siagi kwanza, zima moto, tia chokoleti iliyokatwa vidogo, funika dakika tatu, koroga.

Zina rangi, hazina ladha ya chokoleti

Soma kopo la kakao. Kama kiungo cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, umenunua kinywaji. Kakao ya kuokea ni kakao tupu, chungu ukiilamba. Kutumia ya kunywa kunakupotezea mara mbili, ladha inakosekana na sukari inazidi.

Kisha geuza chokoleti usome nyuma. Chokoleti ya kweli inataja siagi ya kakao. Zile pande kubwa za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya kufunikia keki mara nyingi zina mafuta ya mimea badala yake, na ndiyo maana hazigandi kama inavyotakiwa na zinaacha utando wa nta mdomoni. Kakao nzuri tunayo: Kyela kule Mbeya, Bundibugyo huko Uganda, mashariki ya Kongo. Nyingi inasafirishwa nje ikiwa punje, lakini wapo watengenezaji wadogo wanaoigeuza kuwa chokoleti nyeusi hukuhuku, na ukiipata safi bila maziwa, brauni yako itakuwa na uchachu wa matunda kidogo unaopendeza sana.

Chokoleti nzuri ikikushinda bei, afadhali uiache kabisa ufanye ya kakao tupu kuliko kutumia ya bandia. Badala ya zile gramu 170, ongeza kakao gramu 70, siagi gramu 55 na sukari gramu 50 juu ya vipimo vilivyopo. Mimina siagi ya moto sana juu ya kakao na uache ilowe dakika tano; harufu itafunguka yenyewe. Brauni hizi zinakuwa laini zaidi zikitoka friji, kwa sababu siagi haigandi kwa ugumu wa siagi ya kakao.

Na chumvi. Brauni isiyo na chumvi ni tamu tu. Nusu kijiko cha chai cha kahawa ya kuyeyuka nacho kinaongeza uzito wa ladha bila mtu kujua kuna kahawa.

Zimepanda, halafu zimebonyea

Kubonyea kidogo ni kawaida na ni dalili njema. Shimo kubwa ni povu lililozidi kwenye mayai, beking pauda iliyoingia bila mwaliko, au mlango wa oveni uliofunguliwa mapema. Kwa wanaoishi juu, Nairobi, Mbeya, Kigali, hewa ni nyepesi na vitu hupanda haraka na kuanguka haraka. Maji yenyewe Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94 au 95. Brauni nzito huumia kidogo kuliko keki. Punguza mayai kupigwa kwa dakika moja, ongeza moto kwa nyuzi tano au kumi, na anza kuchungulia mapema.

Zina harufu ya yai

Dawa ni vanila, chumvi, na kuiva kwa kiasi kinachofaa. Mayai yakizidi kwenye kipimo, hakuna vanila itakayoficha.

Haziondoki kwenye trei, hazikatiki

Tandika karatasi ya kuokea iliyozidi pande mbili ili uinue kipande chote kwa masikio hayo. Karatasi ikikosekana, paka siagi kisha nyunyiza kakao, unga mweupe utaacha madoa. Kukata: friji saa moja, kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mkato, ukishuka moja kwa moja bila kukereza. Kingo zikiwa ngumu zikate kwanza ule ukiwa peke yako.

Kesho yake zimebadilika

Hapa jiografia inaingia. Nairobi au Arusha shida ni kukauka, kwa hiyo usikate trei yote, kata unachokula na kilichobaki kikae kizima ndani ya kopo lenye kifuniko. Mombasa, Dar au Unguja kinyume chake: sukari ya juu inavuta unyevu wa hewa, na ngozi iliyokuwa inapasuka jana inakuwa laini na ya kunata. Hilo halizuiliki kwa friji, kwa sababu ukiitoa inatoa jasho. Kama ni za wageni wa Jumamosi jioni, oka Jumamosi asubuhi. Au zigandishe zikiwa kipande kimoja kisichokatwa, kimezungushiwa nailoni mara mbili. Siku ukizitoa, ziache zipate joto la chumba zikiwa bado ndani ya nailoni, ili jasho litokee nje ya nailoni na si juu ya brauni.